Habari Gani Maktabani? Sikukuu Zilizoingia kwa Mlango wa Vitabu

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, mkutubi wa tawi dogo la maktaba ya umma lililokuwa karibu na nilikopanga chumba aliniandikia ujumbe wenye heshima nyingi. Alikuwa amesikia kwamba mtaani pana Mtanzania, naye aliomba nifike tarehe 26 Desemba, saa nane mchana, ili niwasaidie watoto kutamka maneno ya Kiswahili sawasawa. Nilikwenda kwa udadisi zaidi kuliko kwa wema. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, chuo kilikuwa kimefungwa, na mgeni asiye na jamaa hana pa kwenda siku kama ile.

Katika chumba cha watoto nilikuta meza fupi iliyotandikwa mkeka. Juu yake palikuwa na kinara chenye mishumaa saba, mahindi mabichi, matunda na kikombe kikubwa cha mti. Ukutani palibandikwa maneno mawili kwa herufi kubwa: HABARI GANI? Mkutubi, mama wa makamo, aliuliza kwa sauti, na watoto wapatao ishirini wakaitikia pamoja: "Umoja!" Nilisahihisha lafudhi hapa na pale, ingawa nakiri kwamba palikuwa na machache ya kusahihisha. Kisha binti mmoja wa miaka tisa hivi akaniuliza kwetu mshumaa wa kwanza huwashwa siku gani. Nikamweleza ukweli: kwetu hatuwashi. Sikukuu ile ilizaliwa kwao. Maneno tu ndiyo yaliyotoka kwetu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza tena: "Sasa maktaba yenu hufanya nini mwezi wa Desemba?"

Nilicheka, nikapindisha mazungumzo. Jibu nililokuwa nalo, la maktaba ya mji niliokulia, lilikuwa kufuli. Nimebaki na deni la swali lile hadi leo, na makala haya ni jaribio la kulipa sehemu yake.

Ni vyema tuanze kwa kukumbuka kwamba hakuna kitu cha asili kinacholazimisha maktaba kusherehekea chochote. Maktaba nyingi za umma za karne ya 19, huko Marekani na Uingereza, zilikuwa nyumba za watu wazima na za ukimya. Mtoto alihesabiwa kuwa hatari kwa vitabu: mikono yake michafu, kelele zake nyingi. Mabadiliko yalikuja pamoja na wingi wa watu na wingi wa fedha. Mwaka 1901 tajiri wa chuma Andrew Carnegie aliupa mji wa New York dola milioni 5.2 za kujengea matawi ya maktaba katika mitaa, na mitaa hiyo ilikuwa imefurika wahamiaji kutoka kila pembe ya Ulaya. Majengo yakasimama. Swali likawa nani atayajaza, na kwa nini mtoto wa mshona nguo asiyejua Kiingereza aingie humo.

Aliyelijibu zaidi ya wengine ni Anne Carroll Moore, aliyekabidhiwa idara ya watoto ya maktaba hiyo mwaka 1906 na kuiongoza hadi 1941. Moore aliondoa mabango ya kuamrisha ukimya, akaweka viti na meza za kimo cha mtoto, akawaruhusu watoto kuazima vitabu baada ya kutia saini ahadi katika daftari kubwa. Juu ya yote aliipa saa ya hadithi hadhi ya ibada ndogo: msimulizi aliwasha mshumaa kabla ya kuanza, na hadithi ilipokwisha mtoto mmoja aliuzima huku wote wakiomba moyoni jambo walitakalo. Msomaji aliyelelewa na bibi ataitambua mantiki yake mara moja. Ni "paukwa" na "pakawa" kwa namna nyingine: alama ya kuonyesha kwamba sasa tumetoka katika wakati wa kawaida na kuingia katika wakati wa hadithi. Moore alikuwa na mwanasesere wa mti aitwaye Nicholas, na mwaka 1924 alichapisha kitabu cha Krismasi ya Manhattan kumhusu. Majira ya sikukuu yakawa kilele cha mwaka wa maktaba.

Lakini sikukuu hizo zilikuwa za nani? Hapo ndipo historia inapoanza kuwa na uzito. Watawala wa miji ya Marekani waliipenda maktaba kwa sababu waliiona kama kiwanda cha kuwageuza wahamiaji kuwa Wamarekani. Mtoto angeingia Mwitalia au Myahudi wa Urusi na kutoka Mmarekani. Krismasi ya vitabuni, yenye mti wa msonobari na theluji, ilikuwa sehemu ya mafunzo hayo.

Mwaka 1921 msichana kutoka Puerto Rico, Pura Belpré, aliajiriwa katika tawi la Mtaa wa 135, Harlem. Aliyemwajiri, Ernestine Rose, alikuwa mkutubi mzungu aliyeamini kwamba wafanyakazi wa tawi wanapaswa kufanana na watu wa mtaa. Mwaka uliotangulia alikuwa amempokea Catherine Latimer, mwanamke Mweusi wa kwanza kuajiriwa kama mkutubi katika maktaba za mji huo. Belpré alipopita katika rafu za ngano aliona ngano za mataifa mengi, na hakuiona hata moja alizosimuliwa na bibi yake. Alipopelekwa kusomea ukutubi aliandika mojawapo kwa kumbukumbu: kisa cha mende wa kike Martina, aliyewakataa wachumba wengi hadi alipompata panya Pérez, ambaye baadaye alitumbukia katika chungu kilichokuwa kikichemka. Desturi ya maktaba ilikuwa kwamba hadithi isimuliwe ikiwa tu imekwisha kuchapishwa kitabuni. Belpré akapewa ruhusa ya pekee ya kusimulia isiyochapishwa, na mwaka 1932 ikachapishwa.

Naomba msomaji asiipite kanuni hiyo haraka. Kanuni inayosema "hadithi ni ile iliyomo kitabuni" inaonekana ya kawaida kabisa kwa mtu wa maktaba, nayo inatosha kuwafuta duniani watu wote ambao hazina yao imo vinywani. Haikuhitaji chuki. Ilihitaji utaratibu tu.

Mwaka 1929, Wapuerto Rico walipozidi kuhamia kusini mwa Harlem, Belpré alihamishiwa tawi la Mtaa wa 115. Huko alianzisha saa ya hadithi kwa Kihispania na Kiingereza, vikaragosi vya kuchezeshwa kwa mkono, na, lililo kubwa kwetu leo, sherehe ya maktaba ya Siku ya Wafalme Watatu, tarehe 6 Januari. Katika visiwa vile watoto walizoea kuweka majani katika sanduku dogo kwa ajili ya ngamia wa wafalme hao, na asubuhi kukuta zawadi mahali pa majani. Sherehe hiyo ilipoingia maktabani, wazazi wasiojua Kiingereza waliingia nayo. Kumbuka ulikuwa wakati gani: mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeanza, ajira zimepotea, na wasio na kazi walijaa katika vyumba vya kusomea kwa sababu vilikuwa na moto wakati wa baridi na havikuwa na kiingilio. Mama aliyemleta mwanawe kuwatazama wafalme watatu alirudi nyumbani akijua pia mahali penye gazeti la Kihispania na mtu wa kumuuliza habari za kazi.

Belpré aliukuta mlango ukiwa wazi, akauachia upana zaidi. Kwingineko nchini humo mlango wenyewe ulikuwa umefungwa, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa kuwa wanaosimulia historia ya maktaba za Marekani kwa utamu huwa wanaruka sura hii.

Mwezi Juni 1939 chama cha wakutubi wa Marekani kilipitisha tamko la haki za maktaba. Mojawapo ya mambo yaliyotajwa ni vyumba vya mikutano: vitolewe kwa usawa kwa makundi yote ya jamii bila kujali imani au uanachama wao. Ni ibara hiyo iliyokuja kuwa msingi wa karibu kila tamasha na kila sherehe ya mtaa inayofanyika katika maktaba za huko leo. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Agosti 1939, vijana watano Weusi waliingia mmoja mmoja katika maktaba ya Alexandria, Virginia, wakaomba kadi, wakanyimwa, wakachukua vitabu rafuni, wakaketi kusoma kimya. Polisi wakaitwa. Mpango huo uliandaliwa na wakili kijana, Samuel Tucker. Mji ulijibu kwa kujenga, mwaka uliofuata, maktaba ndogo ya pembeni kwa ajili ya watu Weusi. Tamko la haki lilitaja vyumba, na watu wenyewe walikuwa bado nje. Ilipita zaidi ya miaka 20, hadi 1961, ndipo tamko hilo lilipoongezewa maneno ya wazi kwamba mtu asinyimwe maktaba kwa sababu ya rangi, dini, asili ya taifa lake au mawazo yake ya kisiasa.

Kisa kingine kinaangukia moja kwa moja katika majira yetu. Jesse Jackson, kijana wa Greenville, South Carolina, alirudi nyumbani kwa likizo ya Krismasi ya mwaka wake wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Illinois. Alihitaji vitabu vya kuandalia hotuba ya darasani. Tawi dogo la watu Weusi halikuwa navyo, hivyo mkutubi wa hapo akampa barua ya kwenda nayo maktaba kuu. Alifukuzwa. Tarehe 16 Julai 1960 alirudi na wenzake saba, wakaingia, wakaketi, wakakamatwa. Kesi ilipofunguliwa, mji uliamua kuzifunga maktaba zote mbili, ya wazungu na ya Weusi, kuliko kuzichanganya. Kabla mwezi Septemba haujaisha zikafunguliwa tena kwa watu wote. Mwanahistoria anaweza kuandika vitabu vingi juu ya ubaguzi asipate mfano mkali kuliko huu wa mji unaokubali kubaki bila kitabu ili jirani asisome.

Kati ya wafalme wa Belpré na kinara nilichokiona mimi yupo mtu ambaye hatajwi sana: Charlemae Rollins. Alizaliwa Mississippi mwaka 1897, akawa mkutubi wa watoto katika tawi la George Cleveland Hall, Chicago, tangu lilipofunguliwa 1932 hadi alipostaafu 1963. Msimamizi wake, Vivian Harsh, alikuwa Mweusi wa kwanza kuongoza tawi la maktaba ya mji huo. Rollins alitumia miaka mingi akiwaandikia wachapishaji kuwalalamikia vitabu vya watoto vilivyojaa vikaragosi vya kuwadhalilisha watu Weusi. Mwaka aliostaafu alitoa mkusanyo wa mashairi, nyimbo na hadithi za Krismasi zilizoandikwa na watu Weusi au kuwahusu, akaupa jina la Christmas Gif'. Jina hilo latokana na mchezo wa mashambani enzi za utumwa: asubuhi ya Krismasi, aliyewahi kumtamkia mwenzake maneno hayo alistahili kupewa zawadi. Watumwa waliucheza wao kwa wao, na hata kwa bwana wao. Rollins hakuona haya kuliweka neno la watumwa juu ya jalada. Alijua kwamba sikukuu ya mtu haikosi historia yake, hata kama historia hiyo inauma.

Miaka mitatu baadaye, upande wa pili wa nchi, ilizaliwa sikukuu iliyochukua maneno yake kwetu. Agosti 1965 mtaa wa Watts, Los Angeles, ulilipuka kwa ghasia za siku sita zilizoua watu 34. Katika majivu hayo Maulana Karenga, aliyekuwa amejifunza Kiswahili chuoni, aliunda jumuiya yake, na kuanzia 26 Desemba 1966 hadi 1 Januari 1967 pakasherehekewa Kwanzaa ya kwanza. Jina lilitokana na "matunda ya kwanza." Ile "a" ya ziada, kwa simulizi ya wenyewe, iliongezwa kwa sababu palikuwa na watoto saba na kila mmoja alitaka kushika herufi yake. Kuna Nguzo Saba: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Mzungumzaji wa lugha hii atatabasamu mahali fulani. Sisi tungesema kujiamulia pengine, na neno kinara kwa msomaji wa Kenya wa siku hizi humleta akilini kiongozi wa chama kabla ya mishumaa. Lakini neno likivuka bahari halina budi kupata maisha mapya. Nasi tumeyafanyia hivyo maneno mengi ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza bila kumwomba radhi mtu.

Kwanzaa hukosolewa kwa mambo matatu. Kwanza, kwamba ni ya kubuni. Hoja hii ni dhaifu, maana sikukuu ipi haikubuniwa? Sisi wenyewe tuliifanya Saba Saba kuwa sikukuu kwa kuwa TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na hakuna anayeona haya. Pili, kwamba mababu wengi wa Wamarekani Weusi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, hivyo Kiswahili hakikuwa lugha yao. Ni kweli. Ila ndiyo sababu kilichaguliwa: hakikuwa cha kabila moja, na mwaka 1966 kilikuwa lugha ya nchi huru zilizokuwa zikitazamwa kwa matumaini. Neno Ujamaa lilikuwa limetangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1962, na Azimio la Arusha lilifuata Kwanzaa ya kwanza kwa wiki chache tu. Tatu ni mwanzilishi mwenyewe. Karenga alitiwa hatiani mwaka 1971 kwa kuwashambulia wanawake wawili waliokuwa wafuasi wake, akafungwa hadi 1975. Mwanahistoria hana ruhusa ya kulificha hilo, wala kulifanya dogo. Ninachoweza kusema ni kwamba sikukuu hiyo ilitoka mikononi mwake. Ilichukuliwa na akina mama, walimu, makanisa na majumba ya makumbusho, na wakutubi wa watoto wakawa miongoni mwa walezi wake wakubwa. Mwaka 1997 posta ya Marekani ilipotoa stempu yake ya kwanza ya Kwanzaa, watoto wengi walikwisha kuijua kupitia chumba kama kile nilichokiona.

Kwa nini maktaba? Nadhani ni kwa sababu Kwanzaa haikuwa na hekalu. Haikuwa ya dini, hivyo taasisi inayolipiwa na kodi za watu wa imani zote ingeweza kuipokea bila kushtakiwa kwamba inapendelea. Inaangukia wiki ambayo shule zimefungwa na wazazi wengi wenye kipato kidogo wamerudi kazini. Inahitaji vitabu, kwa kuwa wengi wanaoisherehekea hawakuirithi kwa bibi, wameisoma. Na haitaki kiingilio.

Sasa turudi nyumbani.

Historia yetu ya maktaba nayo ina mlango uliofungwa. Maktaba ya McMillan, katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, kumbukumbu ya tajiri mzaliwa wa Marekani, na kwa miaka mingi ilikuwa ya wazungu peke yao. Kwa Mwafrika palikuja, mwaka 1948, East African Literature Bureau, na masanduku yake ya vitabu na huduma ya kuazimisha kwa posta. Ilikuwa kazi njema. Lakini sanduku halina chumba. Huwezi kukutana na jirani yako ndani ya sanduku.

Chumba kilikuja na Uhuru. Sheria ya huduma za maktaba ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua rasmi jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Tazama tarehe hiyo. Ni Sikukuu ya Uhuru. Serikali changa, katika mwaka wa Azimio, iliichagua siku kubwa kuliko zote katika kalenda yake, mwezi wa Desemba, ifungue nyumba ya vitabu. Wiki mbili na siku chache baadaye, huko Los Angeles, watu walikuwa wakiwasha mishumaa ya Kwanzaa ya pili na kutamka "Ujamaa." Ndiyo kusema maktaba yetu ya taifa yenyewe ilizaliwa kama tukio la sikukuu. Yule binti wa miaka tisa ningeweza kumpa jibu hilo kama ningelijua.

Ilikuwaje basi Desemba ikawa mwezi wa kufuli? Sababu naziona katika jinsi tulivyoifunganisha maktaba na shule. Ingia katika maktaba yoyote ya mkoa siku ya kazi: wengi wa walioketi ni wanafunzi waliokuja na madaftari yao wenyewe. Wamekuja kutafuta meza, taa na utulivu wa kujiandalia mtihani. Vitabu vya rafuni hawavigusi. Siwalaumu, kwa sababu wengi wao nyumbani hawana vitu hivyo vitatu. Lakini mtihani ukiisha na shule kufungwa, maktaba inabaki bila sababu ya kuwapo machoni petu. Watumishi wachache waliopo huchukua likizo zao za mwaka, ambazo ni haki yao, bajeti imekwisha, na mlinzi hubaki na jengo. Tulirithi kanuni ya ukimya ambayo Anne Carroll Moore aliibandua ukutani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na tumeitunza vizuri kuliko paa.

Nimewahi kuambiwa na ofisa mmoja, kwa nia njema, kwamba shughuli za sikukuu maktabani zingezua ugomvi wa dini: ukifanya ya Krismasi utaulizwa ya Idi. Nilimjibu kwamba hilo ndilo lingekuwa jambo la kushukuru. Mtu akija kuuliza ya Idi, mkaribishe aje kuisimulia. Tuna Diwali katika miji yetu, tuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi ambao watoto wengi wa bara hawajausikia, tuna bibi wa Kisukuma na wa Kinyakyusa wenye hadithi ambazo, kama zile za Belpré, hazimo kitabuni na kwa hiyo hazihesabiwi. Ofisa alicheka, akasema sisi wa vyuo vikuu tuna muda. Alikuwa na haki kiasi.

Wala si kwamba hakuna kinachofanyika katika Afrika Mashariki. Jijini Nairobi asasi ya Book Bunk, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, imekarabati maktaba za Kaloleni na za Eastlands kwa makubaliano na kaunti, na imezijaza shughuli za watoto na za mtaa. Ile ile McMillan iliyokuwa ya wazungu imo katika mpango wao. Hapa kwetu nawajua wakutubi wanaoandaa saa za hadithi kwa fedha za mifuko yao.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani kwa mapumziko. Nikapata wazo, au tuseme deni lile lilinikumbusha. Nilikwenda na wanafunzi wangu watatu wa shahada ya kwanza, wenyeji wa mji huo huo, hadi katika maktaba ya utoto wangu, tukiwa na vitabu kumi na viwili na mkeka mmoja. Mlango ulikuwa na kufuli, kama nilivyotarajia. Nilimwamkia mzee mlinzi, "Shikamoo mzee wangu," akaitikia marahaba, nikamweleza haja yetu: tutumie baraza tu, kwa saa mbili, tusimulie hadithi kwa watoto wa jirani. Aliuliza kama nina barua. Sikuwa nayo. Akatazama mkeka, akatazama watoto ambao tayari walikuwa wamekusanyika kwenye lango, akasema, "Mwalimu, baraza halina kufuli."

Walifika watoto kama thelathini. Wanafunzi wangu walisoma vizuri, kwa sauti za darasani. Mimi nilisimulia kile cha mende na panya, na kilipokelewa kwa adabu. Kisha mmoja wa watoto akamwomba mlinzi naye asimulie. Alikataa mara mbili, ya tatu akaegemeza rungu lake ukutani, akaketi kwenye ngazi, akaanza kisa cha Fisi aliyealikwa harusi mbili siku moja. Alikuwa na sauti ya Fisi, na ya mama mkwe, na ya sufuria. Watu wazima waliokuwa wakipita njia walisimama. Ilipofika jioni tulikuwa tumezidisha saa moja juu ya zile mbili, na vitabu vyetu kumi na viwili vilikuwa bado vimelala juu ya mkeka.

Wakati wa kuondoka mzee aliniuliza kama tutarudi mwakani, na akanishauri safari ijayo nije na barua, asije akapata matatizo kazini. Nimeiandika. Nimeomba ufunguo wa chumba cha watoto kwa siku tano, kuanzia tarehe 26 Desemba, na nimeomba mlinzi huyo atajwe katika ratiba kama msimulizi na alipwe kwa kazi hiyo. Niliipeleka mwenyewe mwezi Machi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Bado nasubiri majibu.